Samaki Mweusi wa Telefone: Tuwajibu Nini Watoto?

 

Tangu Februari 2025 kuna video fupi inayopita kutoka telefone hadi telefone, na bado haijachoka kutembea. Ndani yake kuna samaki mweusi kama makaa. Kinywa kimefunguka, meno ni marefu na membamba kama sindano, na mbele ya kichwa kunasimama kijiti chenye kidonge kwenye ncha. Anapanda polepole kuelekea mwangaza wa jua. Watoto wameiona kwa kaka zao, kwa majirani, na pale wanapopeleka telefone kuchaji. Shuleni wananichorea samaki huyo, na karibu wote wanamchora mkubwa kama lori.

Wamama pia wameniuliza. Mmoja alisema mtoto wake hataki tena kukanyaga maji ya ziwa. Mwingine ameambiwa na jirani kwamba huyo ni mamba muntu aliyebadilisha sura. Wa tatu amesikia kuwa ni alama ya mwisho wa dunia, akataka kujua kama mwalimu naye anaamini hivyo. Basi wiki hii ukurasa wetu ni wa samaki huyo. Nitaeleza yanayojulikana juu yake, ili mtoto akiuliza jioni, mama awe na jibu.

Kwanza tumpime

Samaki wa video alikuwa na urefu wa santimetre 6 hivi. Wamama, mkinunua sambaza sokoni, chukueni moja muiweke kwenye kiganja. Ukubwa wake ndio huo. Aliyetisha dunia nzima angeingia katika kikombe cha chai.

Kwa nini basi anaonekana mkubwa? Ni kwa sababu kamera ilimkaribia sana, na pembeni yake hakuna kitu cha kumlinganisha naye. Hakuna mkono wa mtu, hakuna kasia, hakuna mtumbwi. Jicho likikosa kipimo linajitungia kipimo chake, na mtu mwenye hofu anatunga kikubwa.

Wataalamu wanamwita Melanocetus johnsonii. Jina hilo alipewa mwaka 1864 na mtaalamu wa samaki Albert Günther, kutokana na samaki aliyepatikana karibu na kisiwa cha Madeira, katika bahari ya Atlantiki. Neno la kwanza limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni kama kusema nyangumi mweusi. La pili ni heshima kwa James Yate Johnson, Mwingereza aliyekusanya viumbe vya kisiwa hicho. Jina ni la nyangumi, lakini hata jike aliyekomaa kabisa hafiki santimetre 20. Sisi tumwite samaki mvuvi, kwa sababu kazi yake ni kuvua, kama tutakavyoona.

Anakaa wapi?

Anakaa baharini, mbali chini. Kina chake ni kati ya metre 200 na 2,000. Ili watoto waelewe namba hizo, tutumie kikwembe. Tuseme kila santimetre moja ya kitambaa ni metre kumi za maji. Ziwa letu Kivu, pale lilipo refu kuliko pote, lina metre 485: hiyo ni karibu nusu metre ya kitambaa. Tanganyika ina metre 1,470, yaani metre moja na nusu. Bahari, tukichukua wastani wake, ina metre 3,700 hivi, na hapo tutahitaji kitambaa cha metre tatu na santimetre sabini. Kikwembe kizima cha yadi sita kina metre tano na nusu. Kwa shimo refu kuliko yote la bahari, lililo katika bahari ya Pasifiki, vikwembe viwili vizima vinakwisha vyote.

Sasa tushuke na kidole juu ya kitambaa hicho. Santimetre ishirini za kwanza, yaani metre 200, ndizo zenye mwangaza wa kutosha kwa majani madogo ya baharini kukua. Kutoka hapo hadi metre 1,000 mwangaza unapungua, kama saa ile ya jioni ambapo mtu anaona kivuli bila kutambua uso. Chini ya metre 1,000 jua halifiki kabisa. Mchana na usiku ni kitu kimoja, na baridi yake ni kama ndani ya friji.

Maji nayo yana uzito. Kwenye kina cha metre 1,000, kila santimetre mraba ya mwili inabeba kilo kama 100. Ni kama kuweka mifuko miwili ya simenti juu ya ukucha wa kidole gumba. Watoto watauliza kwa nini samaki hapondeki. Jibu ni hili: kinachopondeka upesi ni hewa iliyofungiwa ndani. Samaki wengi wana kifuko cha hewa tumboni kinachowasaidia kuelea. Samaki mvuvi hana kifuko hicho. Mwili wake ni laini, umejaa maji, na maji ya ndani yanasukumana na maji ya nje kwa nguvu ileile.

Congo nasi tuna mlango wa bahari hiyo. Pwani yetu ya Muanda ni fupi, haifiki kilometre 50, lakini mbele yake kuna bonde kubwa chini ya maji. Linaanzia ndani ya mdomo wa mto Congo na kushuka hadi vilindini. Mwezi wa Januari 2020 tope lilianguka ndani ya bonde hilo na kukimbia kilometre zaidi ya 1,100 kwenye sakafu ya bahari, likakata nyaya za intaneti zilizolala huko. Kwa hiyo mto wetu unafikisha tope lake hadi kwenye giza lile tunalolizungumzia.

Je, anaweza kutokea Kivu?

Hawezi. Mama ambaye mtoto wake anaogopa ziwa amwambie hivyo bila wasiwasi, na amweleze sababu.

Samaki huyu ni wa maji ya chumvi ya bahari. Ziwa halimfai. Lakini kuna sababu nyingine, na inahusu maziwa yetu yenyewe. Samaki wanapumua oksijeni iliyo ndani ya maji. Katika Kivu, oksijeni inaishia kwenye metre kama 60 au 70. Chini ya hapo kuna gazi nyingi, ile ya kaboni na ile ya metani, na hakuna samaki anayeweza kuishi humo. Tanganyika ni hivyohivyo: oksijeni inafika metre kama 100 upande wa kaskazini na karibu 200 upande wa kusini. Ndagala na mikebuka zote zinaishi katika tabaka la juu. Maji ya joto ni mepesi, na katika nchi zetu yanabaki juu mwaka mzima, hayachanganyiki vizuri na yale ya chini.

Bahari ina njia nyingine. Karibu na ncha za dunia, kwenye barafu, maji yanapoa sana, yanakuwa mazito, yanazama na oksijeni yake, kisha yanatembea polepole chini ya bahari zote kwa mamia ya miaka. Ndiyo maana metre 2,000 chini ya bahari kuna viumbe wanaopumua, na metre 200 chini ya Kivu hakuna samaki hata mmoja.

Taa ya kuvulia

Sasa tufike kwenye kile kijiti. Ni mwiba wa pezi la mgongoni uliosogea mbele ukawa mshipi wa kuvulia. Kidonge kilicho kwenye ncha ni taa, nayo inawaka gizani.

Wamama wa kando ya ziwa hawahitaji mwalimu kuwaeleza kazi ya taa. Mnaijua mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, inayotoka jioni na taa zake, wavuvi wakiimba. Mnajua pia kwamba mwezi ukiwa mkubwa sambaza ni chache na bei inapanda, kwa sababu taa inavuta vizuri usiku wa giza. Samaki mvuvi anatumia ujanja uleule, na kwake kila saa ni usiku wa giza. Chakula ni haba kule chini. Mabaki ya viumbe vilivyokufa juu yanashuka kama unga unaopepetwa, na mengi yanaliwa njiani kabla hayajafika. Akiogelea huku na huku kutafuta, atamaliza nguvu kuliko atakachopata. Kwa hiyo anabaki mahali pamoja, anawasha taa, anasubiri. Kiumbe mdogo akikaribia mwangaza, kinywa kinafunguka.

Meno yale ya kutisha yanalala kuelekea ndani, kama mlango wa mtego wa samaki: kuingia ni rahisi, kutoka hakuna. Tumbo nalo linatanuka, hata anaweza kumeza samaki mrefu kuliko yeye. Asiyejua chakula cha kesho kitatoka wapi hachagui cha leo.

Lakini taa si yake peke yake. Ndani ya kidonge wanaishi mikrobe wengi sana, na hao ndio wanaotoa mwangaza. Samaki anawapa nyumba na chakula, wao wanamlipa kwa nuru. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mikrobe hao hawarithiwi kutoka kwa mama. Mtoto wa samaki mvuvi anaanza maisha yake juu, karibu na mwangaza wa jua, bila taa yoyote. Akikua anashuka gizani, na mikrobe wa kumwangazia anawapata humo majini. Waelezeni watoto pia kwamba neno mikrobe si la ugonjwa tu. Wako wanaoleta kuhara, na wako wanaochachusha maziwa na pombe ya ndizi.

Na mume wake yuko wapi?

Swali hili watoto hawaliulizi sana, wanaouliza ni wamama! Yule wa video ni jike. Dume wa aina yake ni mdogo sana, kama santimetre 3 tu, na hana mshipi wala taa. Kazi yake ni kumtafuta jike katika giza. Akimpata anamshika kwa meno kwa muda, wanazaa, kisha anaachia.

Katika jamaa ya samaki hawa wako wengine ambao dume haachii tena. Mwaka 1922 mtaalamu wa Iceland, Bjarni Sæmundsson, alimchunguza jike mkubwa wa aina ya Ceratias holboelli, ambaye anaweza kupita metre moja. Chini ya tumbo lake walikuwa wameshikamana samaki wadogo wawili. Akadhani ni watoto wake, asielewe wameshikaje hivyo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1925, Charles Tate Regan wa London alipasua samaki mdogo wa namna hiyo akakuta ni dume mzima. Ngozi yake ilikuwa imeungana na ya jike, na damu ya jike ndiyo iliyomlisha. Walioonekana kuwa watoto walikuwa waume.

Ajabu haikuishia hapo. Mwili ukipokea nyama ya mwingine kwa kawaida unaikataa. Ndiyo sababu mtu aliyepewa figo ya ndugu yake anameza dawa maisha yake yote, ili mwili wake usiipige vita. Na mama mwenye mimba anabeba mtoto ambaye si mwili wake mwenyewe, kwa msaada wa kondo la nyuma. Samaki hawa wanawezaje? Mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani na Marekani walitoa jibu: jamaa hii ya samaki imepoteza baadhi ya jeni za kinga, na wale wanaoungana kabisa wamepoteza zaidi. Wanajilinda na magonjwa kwa njia nyingine ambayo bado inachunguzwa.

Sisi hatujaziacha jeni hizo. Kinga hiyo waliyoipoteza ndiyo inayojifunza adui na kumkumbuka, na chanjo ya surua au ya polio inafanya kazi kwa kuifundisha. Mama akipeleka mtoto kwenye kipimo na kadi yake ya chanjo, anapeleka kinga ya mwili huo shuleni.

Kwa nini alipanda juu?

Turudi kwenye video. Ilichukuliwa tarehe 26 Januari 2025, kilometre kama mbili kutoka pwani ya Playa San Juan, katika kisiwa cha Tenerife, ambacho ni cha Uhispania ingawa kiko karibu na Afrika. Kikundi cha watafiti kilikuwa kimetoka kutafuta papa. Wakati wa kurudi, mwanabiolojia wa kike anayeitwa Laia Valor aliona kitu cheusi majini. Wakasimamisha chombo kutazama. Mpiga picha David Jara Boguñá akamchukua akiwa hai, mchana, karibu na uso wa maji, jambo ambalo ni adimu sana.

Samaki alikuwa dhaifu na mwenye vidonda. Aliishi saa chache, akafa. Mwili wake ulipelekwa katika makumbusho ya mji wa Santa Cruz de Tenerife ili uchunguzwe. Kuhusu sababu ya kupanda, wataalamu walitaja ugonjwa, mkondo wa maji uliomsukuma, au kumkimbia adui. Hakuna aliyesema mwisho wa dunia. Kiumbe mgonjwa alitoka mahali pake, kama ndege mgonjwa anavyoweza kuanguka uani.

Watu wengi duniani walimlilia, wakamchora, wakamtungia mashairi. Wengine waliona kama mzee aliyetaka kuona jua mara moja kabla ya kufa. Hayo ni maneno ya huruma, na si mabaya. Lakini mtoto tumweleze tofauti: huruma ni yetu, samaki hatujui aliwaza nini.

Jina la shetani

Kwa Kispanyola samaki huyu anaitwa diablo negro, yaani shetani mweusi. Wavuvi na wasafiri wa zamani walikuwa wakimpa kiumbe jina kwa sura yake. Sasa tutazame amefanya kosa gani. Ni mweusi kwa sababu kwenye giza weusi unamficha. Ana meno marefu kwa sababu akikosa windo la leo labda hatapata lingine kwa siku nyingi. Ana kinywa kikubwa kwa sababu hiyohiyo. Kila kinachotutisha kwake ni kitu kinachomlisha. Hajawahi kumdhuru mtu, na maisha yake yote hakutani nasi.

Naliweka jambo hili hapa kwa makusudi. Katika mitaa yetu neno shetani, au neno mchawi, halibaki kwa samaki. Linaruka na kumshika mtoto aliyezaliwa na kasoro, yatima anayekojoa kitandani, msichana mwenye kifafa, bibi mwenye macho mekundu ya moshi. Likimshika mtu halitoki upesi, na wengine limewafukuza nyumbani. Mtoto anayezoea kusikia kwamba sura mbaya ni shetani, kesho atasema hivyo juu ya mwenzake wa kilasi. Anayezoea kuuliza "anaishi wapi, anakula nini, kwa nini ana meno hayo?" atauliza pia kuhusu mwenzake: "anaumwa nini, tumsaidie vipi?" Tabia hiyo inaanza na vitu vidogo, hata na samaki wa telefone.

Kwa hiyo mama, mtoto akikuletea swali, usimjibu "nyamaza, ni shetani." Kama hujui, sema: "Mwanangu, mimi sijui, tutamuuliza anayejua." Jibu hilo halimwondolei mama heshima.

Kazi ya wiki hii nyumbani

Kwanza, chukueni rula na karatasi. Kila mtoto achore samaki mvuvi kwa ukubwa wake wa kweli, santimetre 6, na pembeni amchore sambaza. Aliyeogopa achore mbili.

Pili, chukueni kamba au kikwembe, mpime kina kama nilivyoeleza: Kivu, Tanganyika, na bahari. Fungeni fundo santimetre saba kutoka juu ya Kivu, hapo ndipo samaki wanapoishia. Mtoto atashangaa jinsi sambaza zote za sokoni zinavyotoka katika kipande kidogo hicho.

Tatu, andikeni swali moja la mtoto ambalo lilikushinda kujibu, mlilete kwenye mkutano. Nimekwisha kupokea moja la kijana wa miaka saba: kwa nini popo analala kichwa chini na damu haimwagiki puani? Hilo tutalijibu wiki ijayo.